Kumkagua Mwanamke wa Kalenda

Yule mama alinichosha. Nasema hivyo mwanzoni ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mgonjwa mpole na mhudumu mvumilivu. Yeye hakuwa mpole, na uvumilivu wangu uliisha mwezi wa pili. Nilikuwa naenda kwake asubuhi tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kumwogesha, kumvisha, kumpa kifungua kinywa na kuhakikisha dawa zimemezwa. Nyumba yake ni ya mbao, hapa hapa Guildford, magharibi mwa Sydney, dakika kumi kwa miguu kutoka ninapoishi. Ukaribu huo nao ulikuwa adhabu. Wenzangu wakimaliza zamu hupanda treni wakasahau. Mimi nilikuwa dukani nachagua vitunguu, simu inalia, ananiuliza miwani yake iko wapi. Mara nyingi ilikuwa kichwani pake.

Alikuwa Mwingereza wa miaka sabini na moja, na ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemshika mwaka wa sita. Lakini ukiingia kwake hukukutana na ugonjwa kwanza. Ulikutana na picha. Ilikuwa kwenye korido, kubwa kuliko dirisha la jikoni kwangu: yeye akiwa na miaka ishirini na mbili, kifua wazi, amegeuza kidevu, anacheka na mtu asiyeonekana. Ilitoka kwenye kalenda, zile zilizokuwa zikitundikwa kwenye gereji za Uingereza mafundi wakibadilisha magurudumu chini yake. Mimi ni mama wa kanisa. Wiki ya kwanza nilikuwa natundika leso yangu ya kiunoni juu ya ile picha kila nikipiga deki korido, kisha naitoa nikimaliza. Aliponifumania alicheka mpaka akakohoa.

"Mpenzi," aliniambia, "hayo ni maziwa tu. Hata wewe unayo."

Nilimwita "Mama" kwa sababu sikuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake, kama wanavyofanya hapa. Naye alinikatiza kila siku kwamba hakunizaa. Niliendelea kumwita Mama, akaendelea kukataa, na hakuna aliyeshinda.

Maisha yake alinisimulia vipande vipande bafuni, na daima kwa wakati mbaya. Ukimwambia ainue mkono upitishe sabuni, ndipo anakumbuka. Baba yake alikuwa dereva wa basi katika mji wa kaskazini wenye mvua. Yeye alikuwa anafunga biskuti kiwandani mpaka alipofika miaka ishirini, mpiga picha wa harusi ya dada yake alipomwambia anajua watu London. Akaenda. Kwa miaka minane alikuwa magazetini, kwenye kalenda, kwenye matangazo ya rangi za kupaka nyumba na vipuri vya magari, na popote pengine ambapo mtu aliamini kwamba bidhaa itauzika kama msichana amesimama kando yake bila blauzi. Alijua kukaa kwenye maji baridi kwa saa tatu bila vipele kumtoka. Alijua kuvuta pumzi katikati ya kicheko ili tumbo liingie. Mambo haya alinifundisha nikiwa nimeinama namkausha vidole vya miguu, mgongo unaniuma, na sikuomba kufundishwa.

Siku moja, akiwa na miaka ishirini na minane, mwenye ofisi akamwambia kwamba sura yake sasa imekuwa ya mama wa mtu. Hakuwa na mtoto. Akarekodi wimbo mmoja ambao, kwa maneno yake mwenyewe, ulinunuliwa na shangazi zake. Akaingia kwenye michezo ya kuigiza ya Krismasi, ile ya watoto, akicheza malaika mwenye mabawa ya karatasi. Kundi la michezo hiyo ndilo lililomleta Sydney kwa wiki tisa. Wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kwa ajili ya mwanamume aliyeuza mazulia. Muuza mazulia alipoondoka na mwingine, mama yule akaanza kuuza nyumba. Nyumba zilipokwama akawa mwalimu wa udereva, na alikaa kwenye kazi hiyo miaka mingi kuliko zote. Nusu ya wanawake wageni wa Fairfield, mtaa wa jirani, alidai, waliegesha gari kwa mara ya kwanza huku yeye akiwa amekanyaga breki ya pili, ile ya mwalimu. Mwishoni akapata leseni ya kufungisha ndoa za serikali, akawa anaunganisha watu kwenye bustani za umma, amevaa suti ya bluu na kofia. Ugonjwa ulipoanza kumtikisa karatasi mkononi mbele ya maharusi, akaacha.

Ukiziangalia kazi zote hizo utaona kitu kimoja, ingawa mimi nilikiona kwa kuchelewa. Katika kila kazi kulikuwa na mtu anayemtazama, naye alijua kabisa mtu huyo anataka kuona nini.

Sasa dawa. Dawa yake ilikuwa na saa zake. Nusu saa baada ya kumeza, mwili ulimtii. Alitembea, alishika kikombe, alizungumza kwa sauti yake ya kufungisha ndoa. Baada ya saa mbili au zaidi kidogo nguvu ya dawa ilipungua, akaganda. Vidole vikawa si vyake. Basi alipanga wageni wote waingie katika saa zile nzuri, daktari, kasisi, jirani mwenye mbwa. Wote walimkuta amekaa wima, rangi ya mdomo imekaa sawasawa, na wakaondoka wakisema ana nguvu ajabu. Sisi wahudumu ndio tuliobaki na mengine.

Mwaka jana baridi ilipoanza, asubuhi tatu hazikutosha tena. Alikuwa ameanguka mara mbili. Mratibu wa kampuni yetu alituketisha pamoja akasema wazi: mkaguzi wa serikali atakuja kumpima upya. Akiongezewa saa, atapata mtu kila asubuhi na kila jioni, abaki kwake. Asipoongezewa, kampuni haiwezi kuendelea kumwacha peke yake namna ile, na njia itakayobaki ni nyumba ya wazee. Nilipomsindikiza mratibu na kurudi, nilimkuta ameshika ukingo wa meza.

"Nikipelekwa kule," akasema, "nitakufa wiki hiyo hiyo. Sitanii."

Nilimwamini. Kwa hiyo siku ya ukaguzi ilipofika nilifanya kile nilicholelewa kufanya. Kwetu mgeni akija, hasa mgeni wa serikali, nyumba inang'aa na mgonjwa anapendeza. Hakuna anayekufundisha, unakua ukimwona mama yako akikung'uta matandiko ya nyanya kwa sababu chifu anapita. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, saa moja na nusu kabla ya zamu yangu. Nikapiga deki. Nikafua mapazia. Nikamwosha nywele, nikamvisha blauzi ya hariri, nikamfunga vifungo vyote kumi na kimoja. Nikakaanga mandazi, maana chai kavu ni matusi. Yeye naye alinipangia saa ya dawa kwa usahihi wa mtu anayesubiri jua litue vizuri dirishani.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye haraka na mafua. Mama alimfungulia mlango mwenyewe. Akamsimulia juu ya bwana harusi aliyemeza pete. Mkaguzi alicheka, akala mandazi matatu, akauliza maswali yake huku akifuta pua. Unaweza kuvaa mwenyewe? Bila shaka. Unaweza kwenda msalani mwenyewe? Mpenzi, tangu nikiwa na miaka miwili. Nami nilisimama pale na trei yangu, natabasamu. Na nitakiri, kwa sababu ndiyo kweli: nilisikia fahari. Mkaguzi alinishukuru kwa usafi wa nyumba, nikajiona mtu.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ilisema anajimudu. Saa zake zitabaki kama zilivyo.

Siku kumi baadaye, asubuhi ya Ijumaa, nilimkuta kwenye sakafu ya jikoni. Alikuwa pale tangu alasiri ya Alhamisi. Midomo ilikuwa imepasuka, nguo imelowa na kukauka na kulowa tena, shavu lina alama za vigae. Nilipiga simu ya ambulansi nikiwa nimepiga magoti, nikamuuliza anataka nini, maji, blanketi, nini. Aliniomba kitana, kwa sababu watu walikuwa wanakuja.

Nilimfokea. Mtu aliyelala sakafuni usiku kucha, mimi nikamfokea. Kisha nikamletea kitana.

Hakuvunjika mfupa, nami nilishukuru kwa machozi. Lakini hasira ilinikaa. Jumapili hiyo alikuja kwangu mwenzangu wa kazi, mama Mkongomani anayeishi Fairfield, ambaye hushika zamu zangu nikiwa likizo. Nilimwaga yote mezani: mkaidi, mwongo, anajipamba mpaka ajiue. Akanisikiliza huku akimenya chungwa.

"Dada," akasema, "weye njo uliharibu."

"Mimi?"

"Eeh, weye. Unamuogesha, unamupaka poudre ya uso, unamupikia mukaguzi mandazi. Ule mama wa serikali ataandika nini? Ataandika kama kila kitu iko muzuri."

"Kwa hivyo ningewacha mgeni apate nyumba chafu na mzee hajaoshwa? Hiyo si ni aibu?"

"Siye kule camp ya wakimbizi, siku ya watu wa kuhesabu, hakuna mutu alivalaka nguo ya muzuri. Mama yangu alikuwa na kitenge moja ya mupya. Ile siku anaificha chini ya gunia. Haikuwa bongo, haikuwa kudanganya. Tulikuwa na njala kweli. Ni kusudi wakuone vile uko." Akanipa kipande cha chungwa. "Weye haujahesabiwa hata siku moja. Njo maana haujue."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemlaumu yule mama siku tatu mfululizo, kumbe uongo ule tuliupika wawili, na mandazi yalikuwa yangu.

Tuliomba ukaguzi wa pili. Nilimweleza Mama mpango: nyumba itabaki ilivyo, hakuna mapishi, na miadi iwe saa tano na nusu, dawa ya asubuhi ikiwa imeisha nguvu na ya saa sita haijafika. Hakuna dozi itakayorukwa. Mkaguzi aone tu saa ambazo sisi tunaziona. Alikataa katakata. Nilibembeleza, nikanuna, nikabembeleza tena. Mwisho nilichemka.

"Uingereza nzima imekuona uchi! Mafundi wa magari wamekuona! Na sasa mtu mmoja wa serikali asikuone unafunga kifungo?"

Hapo hapo nikajua nimevuka mpaka.

"Hakuna aliyeniona," akasema. "Nilikuwa napakwa rangi kwa saa mbili kabla ya mtu yeyote kushika kamera. Mgongo, magoti, hata nyayo. Waliona nilichowapa. Wewe unataka waone nisichowapa."

Nilimwambia tu kwamba akitaka kubaki katika nyumba hii, hakuna njia nyingine ninayoijua. Kesho yake akakubali, kwa sharti moja: rangi ya mdomo haiachi. Nikasema sawa, lakini utaipaka mwenyewe, na saa ile ile ya kuganda.

Asubuhi ya ukaguzi wa pili nilijifunza kwamba kutofanya kazi ni kazi. Vyombo vya jana vilikuwa kwenye sinki vinanitazama. Mara mbili nilijikuta nimeshika ufagio, nikaurudisha. Saa tano na robo akaomba kioo na rangi yake. Alichukua dakika nyingi. Mkono ulikwenda kwenye mdomo ukapita, ukaenda shavuni, ukarudi. Alipomaliza, ule wekundu ulikuwa umevuka midomo yake upande mmoja mpaka karibu na pua. Alijitazama. Nilikuwa na kitambaa mfukoni, na Mungu anajua jinsi kilivyoniwasha.

"Vipi?" akaniuliza.

"Imetoka nje," nikamwambia.

"Naona," akasema, akanirudishia kioo.

Mkaguzi safari hii alikuwa mwanamume, mtaratibu, mwenye tableti na viatu vilivyosuguliwa. Sikumpa chai. Naandika hivi na bado nasikia vibaya. Akaketi, akamsalimu kwa adabu, na pale pale nikamwona Mama anavyojikusanya: mabega yakapanda, shingo ikarefuka, kidevu kikageukia dirishani. Nilisali kimoyomoyo ili mwili wake ushindwe. Sijawahi kumwombea mgonjwa sala ya namna hiyo, na sijui nani aliipokea.

Akaombwa avae sweta na kuifunga vifungo. Vilikuwa vitano. Nilikalia mikono yangu, kweli, niliiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia ulikwama kwenye kwapa ukabaki huko. Mkaguzi alisubiri. Mimi nilisubiri. Mama aliponigeukia mara ya kwanza nilitazama sinki. Mara ya pili nilitazama zulia. Kifungo cha kwanza alikishika, kikateleza, akakishika, kikateleza, na jasho likaanza kumtoka chini ya nywele, nami nahesabu dakika nikiuma ulimi. Hakukifunga. Akaiacha sweta inaning'inia begani, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa leo inatosha.

Ningependa kusema hapo ndipo tulipomaliza. Lakini mkaguzi alikuwa na swali la msalani, na yule mama, baada ya yote yale, akainua uso wake wenye rangi iliyopotea njia, akatabasamu lile tabasamu la kalenda, na kusema, "Hapo najimudu vizuri sana, asante."

Mkaguzi akanigeukia. "Na wewe unaonaje?"

Kwetu huwezi. Mambo ya mzee ya msalani hayasemwi mbele ya mgeni mwanamume, tena mzee mwenyewe ameketi pale pale anasikia. Nimeona familia zikinyamaza mpaka mtu akazikwa. Nilimtazama Mama, naye akanitazama bila kupepesa, akinisihi ninyamaze.

"Hajimudu," nikasema. "Jumatatu nilimkuta amelowa tangu usiku. Jumatano amejichafua na hakuweza kujitoa kwenye nguo. Ninapofika huwa analia, halafu ananiambia ni mafua. Nikiwa sipo anaacha kunywa maji tangu mchana ili asiende. Ndiyo maana anaanguka."

Hayo ya maji sikuwa nimewahi kumwambia kwamba nayajua. Mkaguzi aliandika. Nje treni ilipita ikielekea Yennora, kituo kinachofuata. Mama aligeuza uso dirishani, na safari hii hakuwa anatafuta mwanga. Saa sita ilipogonga nilimpa dawa yake, akaimeza bila kuniangalia.

Jibu lilikuja mwezi uliofuata. Kila asubuhi na kila jioni, wikendi zikiwemo. Mratibu alinipigia nikiwa kwenye jukwaa la kituo cha treni, nikapiga vigelegele hadi watu wakasogea. Yule Mkongomani aliingizwa kwenye ratiba kunisaidia, na nyumba ile ya mbao haikuuzwa, wala mtu hakufungashiwa sanduku. Nilinunua keki nikaenda nayo. Mama alinishukuru kwa adabu kamili, adabu ambayo hakuwahi kunionyesha katika miaka miwili, akala kipande kidogo.

Wiki iliyofuata mwenzangu alinisubiri getini. Alikuwa anahangaika na zipu ya koti lake.

"Dada, usikasirike. Mama anasema mambo ya kumuogesha ikuwe yangu. Weye utapika, utamupa dawa, utakaa naye. Lakini kule bafuni, hapana."

"Amekasirika kwa vile nilisema?"

"Hapana. Nilimuuliza. Anasema ulifanya vizuri, ni sababu yako njo iko kwake mpaka sasa." Akaiacha ile zipu. "Anasema tu, weye umeshamuona."

Nilikasirika. Bado nimekasirika. Miaka kumi na minne nimeogesha watu wa nchi hii, waliotukana, waliouma, walionipiga ngumi, na hakuna hata mmoja aliyenifukuza kwa kumsaidia. Mwenzangu amemwona kila kitu nilichokiona, tena kila siku. Tofauti ni kwamba hakukisema. Nilitaka kuingia nimwambie hivyo. Badala yake niliingia jikoni nikawasha moto wa uji. Nilisikia maji ya bafuni yakifunguliwa, kisha sauti yake ikaanza kumsimulia mwenzangu habari za baba dereva wa basi na mji wenye mvua, na mwenzangu akamwambia ainue mkono. Hakukuwa na taulo huko. Nilikuwa nimeyafua yote jana yake, yako kwenye kikapu. Nikachukua moja, nikaenda nalo mpaka kwenye mlango wa bafu, nikagonga.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi, Mama. Taulo."

Maji yakafungwa. Hakunikatiza kuhusu lile neno.

"Liache hapo nje," akasema. "Tafadhali, usiingie."

Nikamwambia siingii.